Vigae vya Wenje: Ushahidi na Dalili katika Mabishano juu ya Asili ya Waswahili

Katika mabishano ya muda mrefu kuhusu asili ya Waswahili na lugha yao, jina la Wenje hutajwa mara chache, na linapotajwa huwa limejificha ndani ya jina la kitu kingine. Wenje ni mahali kando ya Mto Tana, kati ya Hola na Garsen, katika nchi ya Wapokomo, ambao kwa karne nyingi wamelima mpunga, mahindi na ndizi kwa kufuata kujaa na kupwa kwa mto. Hakuna hapo gofu la msikiti wala kaburi la mnara, na msafiri anayetafuta fahari ya Gedi au ya Kilwa atapita bila ya kusimama. Lakini mwaka 1979 David Phillipson, aliyekuwa amefanya kazi Nairobi katika Taasisi ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki, alichapisha katika jarida la Azania ripoti kuhusu maeneo ya Zama za Chuma katika bonde la chini la Tana. Vigae vilivyotoka Wenje vikaingia katika maandishi ya wataalamu kwa jina la mahali hapo, na kwa kitambo kifupi Wenje palikuwa na chungu chake katika elimu ya mambo ya kale.

Makala haya yana nia ya kuchunguza mambo yaliyofanyiwa vigae hivyo na vya namna yake, na jinsi wanaakiolojia na wanaisimu walivyovitumia kujenga hoja kubwa kuliko vigae vyenyewe. Hakuna haja ya kuvidharau. Vipande vya chungu ndivyo vitu vichache kabisa ambavyo mtu wa karne ya 8 alivishika na mtu wa leo anaweza kuvishika vilevile. Shaka iko katika hatua inayofuata, pale mtaalamu anapokiweka chini kigae na kushika kalamu.

Kinachoonekana ni hiki. Ni chungu cha udongo wa kawaida kilichofinyangwa kwa mkono bila ya gurudumu, chenye shingo, na juu ya shingo au bega pamechorwa kwa ncha kali, kabla ya udongo kuchomwa, mistari inayokutana na kufanya pembetatu, mara nyingine zikiwa zimejazwa mistari midogo ndani yake. Vyungu vya namna hii vimepatikana kutoka visiwa vya Lamu hadi Chibuene kusini mwa Msumbiji, Unguja Ukuu, Kilwa, na katika bara iliyo nyuma ya pwani. Na vyungu vya kale vya Komoro vina udugu navyo. Umri wao unakadiriwa kuanzia karne ya 6 au ya 7 hadi karne ya 10 hivi. Haya yote yanaweza kuhakikishwa na yeyote mwenye macho, rula na makaa ya kupimwa umri. Mtu asiyekubali anaweza kuchimba mwenyewe.

Lakini tazama majina. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda, aliviita vyombo vya jikoni. Baadaye vikaitwa vya Wenje. Mark Horton, katika tasnifu yake ya Cambridge ya mwaka 1984 na katika maandishi yaliyofuata, akaviweka katika kile alichokiita mapokeo ya Tana. Wengine wakaviita vyombo vya Waswahili. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya pwani ya Tanzania, akaviita vyombo vya pembetatu zilizochorwa. Chungu ni kimoja, majina ni matano, na kila jina limebeba madai yake. Anayekiita chombo cha jikoni amekwisha sema kwamba historia yenyewe imo sebuleni, katika sahani za Uajemi na Uchina, na kwamba aliyepika hakuwa mtu wa kuandikiwa kitabu. Anayekiita cha Tana ameelekeza macho ya msomaji kaskazini, kwenye mto na kwa wafugaji wa Kikushi. Anayekiita cha Waswahili amemaliza mjadala kabla ya kuuanza. Katika majina hayo yote ni lile la Chami tu linalotaja kinachoonekana, yaani pembetatu, ingawa Chami mwenyewe ana nadharia yake ya kutetea, tena kwa nguvu.

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili ambayo yangewafaa wataalamu hawa, nayo ni *ushahidi* na *dalili*. Shahidi ni mtu aliyekuwapo na akaona, na mahakamani huulizwa alisimama wapi, taa ilikuwa inawaka au haikuwaka, na umbali ulikuwa kiasi gani. Dalili ni alama inayoelekeza kwenye jambo ambalo lenyewe halionekani. Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema watu, na kila mkulima wa Tana amepata kuona mawingu yaliyopita bila ya kuacha tone. Kigae cha Wenje ni shahidi wa mambo machache: kwamba mtu alifinyanga, alichora namna hii, alichoma kwa moto wa kiasi fulani, na chungu kilivunjika. Kuhusu lugha aliyoisema mfinyanzi huyo, Mungu aliyemwomba au ukoo aliooa, kigae ni dalili tu, na mara nyingine si hata dalili. Sehemu kubwa ya ugomvi wa miaka 50 iliyopita imetokana na kuipandisha dalili cheo ikaitwa ushahidi.

Kosa hili halikuanza na vigae. James Kirkman, aliyechimba Gedi tangu miaka ya 1940 na baadaye Ungwana kwenye delta ya Tana, alikuwa mchimbaji mwenye bidii, na maelezo yake ya kuta, mihrabu na makaburi yanafaa hata sasa. Hata hivyo kitabu chake cha mwaka 1954 kiliiita Gedi mji wa Kiarabu katika jina lake lenyewe, na mwaka 1964 alidai kwamba magofu ya pwani si mali ya Waafrika. Alitegemea nini? Alitegemea vyombo vilivyotoka ng'ambo, kwa sababu ndivyo vilivyoweza kumpa tarehe. Sababu hiyo ni nzuri kwa tarehe. Bakuli la Kichina lenye umri unaojulikana humsaidia mchimbaji kujua sakafu iliyo chini yake ni ya lini. Lakini kitu kinachofaa kwa kupimia wakati kiligeuzwa kikawa kipimo cha utu na uenyeji. Katika miji hiyohiyo wingi wa vigae ulikuwa wa vyungu vya wenyeji, na vya ng'ambo vilikuwa sehemu ndogo sana. Kilichoonekana zaidi ndicho kilichohesabiwa kidogo. Hapa pana somo linalokera, kwamba ushahidi unaweza kuwa mbele ya macho, umewekwa katika mifuko na kuandikwa namba, na bado usionekane.

Ndipo inapoeleweka kwa nini kazi ya Horton huko Shanga, kisiwani Pate, kati ya mwaka 1980 na 1988, iliwashtua wengi. Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti mingine chini yake, mmoja juu ya mwingine, hadi kwenye alama za nguzo za miti za karne ya 8. Tangu tabaka za chini kabisa palikuwa na vyungu vya pembetatu. Mji wa mawe haukushushwa na jahazi ukiwa umekamilika. Ulikua mahali pake, kutoka mti hadi tope, na kutoka tope hadi jiwe la matumbawe. Jambo hili ni miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa vizuri zaidi katika historia yote ya pwani, na sababu ya kuthibitika kwake ni kwamba mfuatano wa tabaka haumtegemei mchimbaji anapenda nini. Sakafu iliyo chini ilitangulia iliyo juu. Basi.

Kutoka hapo Horton alikwenda mbele. Katika tabaka za mapema za Shanga palikuwa na mifupa ya ngamia. Mpango wa mji wa kwanza ulikuwa na uwanja katikati uliozungushiwa ua. Na vyungu vyenyewe, kwa maoni yake, vilikuwa na mfanano na vya wafugaji wa zamani wa bara. Akaona katika mambo hayo mkono wa wafugaji, hasa Wakushi, kando ya wakulima Wabantu, na bonde la Tana likawa njia yao ya kushuka pwani. Chami alikataa. Kwake pembetatu zilitokana hatua kwa hatua na vyombo vya wakulima na wafua chuma wa mwanzo, vile vya Kwale ambavyo Robert Soper alivieleza mwaka 1967, na makao ya ukuaji huo yalikuwa pwani ya Tanzania na bara yake.

Msomaji ataona kwamba wataalamu hawa wawili hawakupingana juu ya jambo lolote linaloonekana. Pembetatu ni zilezile, shingo ni zilezile, hata tarehe zinakaribiana. Walipingana juu ya mfanano, na mfanano haumo ndani ya kigae. Umo baina ya kigae na kingine ambacho mtaalamu amechagua kukiweka kando yake. Mtu akiweka chungu cha Wenje karibu na cha Kwale ataona ndugu. Akikiweka karibu na cha mfugaji ataona ndugu mwingine. Wala haisaidii kusema kwamba mmoja wao ana macho makali zaidi. Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walipolinganisha vyombo vya maeneo mengi kwa pamoja, katika makala yao ya mwaka 2011, walionyesha kwamba chini ya jina moja la Tana mna tofauti nyingi za mahali na mahali, na kwamba umoja ule unaosifiwa umo katika baadhi ya vyombo na baadhi ya mapambo, si katika jungu zima, kwa kusema hivyo. Kazi hiyo haina mvuto wa nadharia kubwa. Ni kazi ya kuhesabu. Lakini imefanya jambo ambalo mabishano ya asili hayakulifanya, nalo ni kuuliza kwanza kuna nini kabla ya kuuliza kilitoka wapi.

Wanaisimu wana desturi ya kujiona wako salama zaidi. Data yao haihitaji jembe, inasemwa. Mwaka 1983 Derek Nurse alichapisha katika jarida la History in Africa makala juu ya historia inayoweza kupatikana kutokana na isimu, akitumia Mto Tana kama mfano wake, na bado makala hayo ni miongoni mwa maandishi bora juu ya mto huo. Mahali palichaguliwa vizuri. Katika bonde hili na kandokando yake zinasemwa Kipokomo cha Juu na cha Chini, Kiilwana cha Wamalakote, Kiorma, na Kidahalo, na karibu yake Kiswahili cha kaskazini; Kibantu na Kikushi vimekaa pamoja kwa muda mrefu kiasi cha kuachiana alama. Nurse aliuliza ni nani alikutana na nani, na kwa mfuatano gani, kwa kutazama maneno yaliyokopwa na sauti zilizobadilika.

Nguvu ya njia hii inaweza kuonyeshwa kwa mfano ulio karibu na kila msomaji. Pale ambapo Kiswahili Sanifu kina *mchele*, Kiamu kina *mtele*. *Mchanga* ni *mtanga*. *Nchi* ni *nti*. Mtu aliyesikia maneno hayo matatu anaweza kutabiri kwamba *chini* itakuwa *tini*, kisha akaenda Lamu akasikiliza. Utabiri huo ungeweza kushindwa, na thamani yake inatokana na hilo. Anaweza pia kutazama mahali unaposhindwa. *Chai* haikuwa *tai*, na kushindwa huko kunafundisha kwamba neno hilo liliingia baada ya mabadiliko ya sauti kwisha kupita. Tena *njia* ni *ndia*, na *njaa* ni *ndaa*. Huu ni ushahidi unaosikika, na mtoto wa shule anaweza kuukusanya. Kwa njia ya namna hii, kwa upana na subira kubwa, Nurse na Thomas Hinnebusch walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1993 kwamba Kiswahili, Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana ni lugha za ukoo mmoja, walioupa jina la Sabaki. Si rahisi kulipinga jambo hilo. Mpokomo wa Wenje na Mswahili wa Lamu ni watoto wa mama mmoja kwa lugha, hata ikiwa mmoja wao katika historia alijengewa msikiti wa mawe na mwingine akaachiwa mtumbwi.

Hata hivyo mama huyo hajapata kusikika. Wanaisimu huandika maneno yake kwa kinyota mbele, na kinyota hicho ni ungamo la heshima. Maana yake ni kwamba neno hili limejengwa, halikusikiwa. Tatizo ni kwamba kinyota huanguka njiani. Kinakuwapo katika jedwali la sauti, kinapungua katika maelezo, na mwandishi anapofika kwenye ramani yenye mishale ya kuhama kimekwisha toweka, na lugha ya mama imepata nchi, wakati na njia ya kupita. Nurse anastahili sifa kwa kuwa mwangalifu kuliko wengi. Katika makala ya 1983 hachoki kutenganisha kilichosikiwa na kilichokisiwa. Lakini kitabu alichokiandika pamoja na Thomas Spear mwaka 1985, ambacho ndicho kilichosomwa na watu wengi zaidi, kinasimulia kwa ulaini ambao data yenyewe hauna. Huenda kitabu cha wasomaji wa kawaida hakiwezi kuandikwa kwa namna nyingine. Basi ni wajibu wa wasomaji hao kukiwekea vinyota wenyewe.

Shida kubwa zaidi iko katika kukopeshana. Isimu linganishi haina tarehe zake. Inaweza kusema kwamba badiliko hili lilitangulia lile, lakini haiwezi kusema kwa uhakika kwamba lilikuwa mwaka 500 au mwaka 900. Kwa hiyo mwanaisimu humwendea mwanaakiolojia na kumwomba karne. Mwanaakiolojia naye ana karne lakini hana lugha, kwa kuwa vigae havisemi. Kwa hiyo humwendea mwanaisimu na kumwomba jina la watu. Kila mmoja anarudi nyumbani akiwa na furaha, na katika kitabu chake anaandika kwamba taaluma nyingine imethibitisha maoni yake. Vyungu vya Tana ni vya Wasabaki kwa kuwa lugha za Sabaki zilikuwa hapo wakati huo. Lugha za Sabaki zilikuwa hapo wakati huo kwa kuwa vyungu vya Tana vipo. Mashahidi wawili wanaotoa habari moja wana nguvu mahakamani ikiwa hawakukaa chumba kimoja usiku wa kuamkia kesi. Hawa walikaa.

Wala si dhana tu kwamba chungu na lugha vinaweza kuachana. Mto Tana wenyewe una mifano. Kiilwana ni lugha ya Kibantu ambayo, kama Nurse alivyoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2000, imebadilika mno katika sauti na sarufi kwa kukaa chini ya uzito wa Kiorma. Mchimbaji wa baadaye atakayekuta vyombo vya watu hao atawaita Wabantu au Wakushi? Kidahalo kinashangaza zaidi. Ni lugha ya Kikushi ya watu wachache waliokuwa wawindaji karibu na mdomo wa Tana, nayo ina sauti za kidoko ambazo Afrika ya Mashariki husikika katika Kihadza na Kisandawe. Sauti hizo ni za kusikika, si nadharia. Zinadokeza kwamba wahenga wao walisema lugha nyingine kabla ya kuchukua ya Kikushi. Mabadiliko makubwa kama hayo, watu kuacha lugha na kushika nyingine, yamebaki katika ulimi, na ni vigumu kufikiri ni kigae gani ambacho kingeyaeleza.

Hapa inafaa kuikumbuka Shungwaya, kwa kuwa Wapokomo nao wamo katika simulizi hiyo pamoja na Mijikenda. Simulizi zinasema kwamba mababu walitoka mahali pa kaskazini paitwapo Shungwaya wakashuka kusini kwa kufukuzwa na Wagala. Kitabu cha Kiarabu cha Habari za Zanji, kilichochapishwa na Enrico Cerulli mwaka 1957, kinalitaja jina hilo. R. F. Morton alidai mwaka 1972 kwamba simulizi hiyo kwa Mijikenda ni ya karne ya 19 na haina mizizi ya kale. Spear akamjibu mwaka 1974 akiitetea. Chittick alikwenda pwani ya kusini mwa Somalia, akatazama Bur Gao ambako wengi walipaweka mji huo, na hakukuta mji wa kale wa kulingana na sifa zake. James de Vere Allen, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1993 baada ya kufa kwake, aliipa Shungwaya nafasi kubwa kuliko mwandishi yeyote, akaifanya dola iliyowazaa Waswahili. Ni kitabu cha mtu aliyeijua Lamu kwa mapenzi, kimejaa mambo ya kufikirisha, nacho ni mfano wa wazi wa hoja ambayo kila upungufu wa ushahidi unageuzwa kuwa sifa ya jambo lenyewe. Mji haukupatikana? Basi ulihamahama. Lisemwalo lipo, husema watu, na kama halipo laja. Methali hiyo inawafaa majirani, lakini ni mwongozo mbaya kwa mchimbaji.

Kwa upande mwingine, haifai kuitupa simulizi kwa sababu ardhi haikuitikia. Anayesema "hakikuonekana" anapaswa kueleza alitazama wapi na kwa jinsi gani. Kwenye Tana jambo hili ni zito. Mto huu hauna kitanda kimoja. Umekuwa ukihama, ukiacha nyuma yake maziwa ya pinde na mikondo mikavu. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni uliuunganisha na Ozi hata maji yakapata mlango mpya wa bahari. Vijiji vya Wapokomo vimehama nao. Kila mafuriko hufanya kazi mbili kwa pamoja: hufukia makao ya zamani chini ya tope, na hukata ukingo mahali pengine na kuonyesha vigae kwa msimu mmoja kabla ya kuvichukua. Mtaalamu aliyepita mwaka mmoja aliona ukingo wa mwaka huo. George Abungu, ambaye tasnifu yake ya Cambridge ilichunguza jamii za mto huu kutoka mwaka 700 hadi 1890, alifanya vema kutoutazama mto kama barabara ya kufikia miji ya pwani, na kuuliza watu wa bara ya mto na wa delta walipeana nini. Swali lake ni dogo kuliko la asili ya Waswahili. Kwa sababu hiyo linajibika.

Katika miaka ya karibuni ushahidi wa namna nyingine umeingia barazani. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika miji kadhaa ya pwani na mahali pamoja pa bara. Ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya urithi wa wengi wa watu wa pwani waliochunguzwa ulitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na kwamba urithi wa Asia, mwanzoni zaidi wa Kiajemi, uliingia kwa akina baba tangu mwaka 1000 hivi. Magazeti yalisema kwamba sasa asili ya Waswahili imejulikana. Kilichojulikana ni asili ya watu 80. Wengi wao walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya watu wenye hadhi, ndani ya miji ya mawe. Waandishi wenyewe wa uchunguzi huo walilitambua hilo, ingawa vichwa vya habari havikulitambua. Mahali pa bara palikuwa Makwasinyi, upande wa Taita. Mto Tana haukuwamo. Mwanamke aliyechora pembetatu huko Wenje, na kaka yake aliyepiga kasia, hawamo katika hesabu, na kama lugha ilikua mikononi mwa watu wa namna yao basi mifupa ya Manda haiwezi kuwasemea.

Ugomvi kati ya Horton na Chami, kwa hiyo, haukosi njia ya kuamuliwa, na Wenje ni mahali panapofaa kuliko pengi. Nadharia hizo mbili zinatabiri mambo mawili tofauti yanayoweza kuonekana. Ikiwa pembetatu zilizaliwa na mapokeo ya Kwale, basi chini ya tabaka ya pembetatu kando ya Tana, pale ambapo tope la mto halijavuruga mfuatano, panatazamiwa midomo ya vyungu iliyokatwa kwa upande na kutiwa mifuo kama ya Kwale, na juu yake hatua za katikati, moja baada ya nyingine. Ikiwa zilitokana na wafugaji, panatazamiwa vyombo vyao, pamoja na mifupa ya mifugo na upungufu wa taka za chuma. Ikiwa pembetatu zinaanza ghafla juu ya mchanga mtupu, basi zilifika Wenje zikiwa zimekwisha kuwa pembetatu, na jina la Tana litabaki kuwa la heshima tu. Udongo wa vyungu nao unaweza kupimwa ili kujua kama ulichimbwa ukingoni hapo au uliletwa kwa mtumbwi kutoka delta. Kazi hiyo haihitaji ramani ya mishale. Inahitaji misimu kadhaa ya kiangazi, maji yakiwa yamepwa, wachimbaji wanaojua Kipokomo kiasi cha kuuliza kijiji cha zamani kilikuwa upande gani wa mto, na mfinyanzi mmoja wa hapo wa kukaa nao na kuwaonyesha ni mistari ipi inachorwa kwa mapambo na ipi inachorwa ili chungu kisiteleze mkononi.